Barabara ya njia sita na taa ziko mbali: nivukie wapi?

Swali: Nimehamia mtaa uliojengwa kwa ajili ya watu wenye magari, nami sina gari. Asubuhi natembea pembeni ya barabara kuu, ambayo haina njia ya waenda kwa miguu, hadi kituo cha basi. Jioni basi linanishusha ng'ambo, kwa hiyo lazima nivuke njia sita gizani. Kivuko chenye taa kiko kama nusu kilomita. Karibu na kituo kuna zebra, lakini gari moja likisimama, jingine linapita. Shemeji yangu ni dereva, na anasema watu kama mimi hugongwa kwa uzembe wao: nivae jaketi la kung'aa, niweke simu mfukoni, basi. Ana haki? Na nivukie wapi?

Jibu: Dada yangu, shemeji hajakosea kila kitu. Vitu vya kung'aa vinasaidia, ingawa si kwa namna anayodhani, na suala la simu nitalifikia. Alipokosea ni kwenye msingi wenyewe. Hatari unayoieleza inatokana na mwendo wa magari, upana wa barabara na giza, na mambo hayo matatu yaliamuliwa na watu waliokaa na ramani mezani kabla wewe hujahamia. Mimi kazi yangu ni kukagua barabara, na kila nikiletewa faili la mtembea kwa miguu aliyegongwa huwa najiuliza: mtu mwenye akili timamu, aliyechoka na anayetaka kufika kwake, angefanya nini tofauti mahali pale? Kwenye barabara kama yako, mara nyingi sipati jibu.

Tupige hesabu. Njia moja ya magari ina upana wa kama mita 3.5, kwa hiyo njia sita ni mita 21. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Kuvuka kwa mkupuo mmoja kutakuchukua sekunde 17 na nusu. Gari linalokwenda kilomita 70 kwa saa hukata zaidi ya mita 19 kila sekunde, na katika muda huo wako wa kuvuka litakuwa limekata mita 340. Maana yake, unaposhusha mguu barabarani, gari linalokuja kwenye njia ya mwisho kabisa ya ng'ambo linatakiwa liwe zaidi ya viwanja vitatu vya mpira kutoka ulipo. Hapo sijaweka mzee, wala mtu mwenye mtoto mgongoni, wala kiatu kilichokatika kamba.

Sasa niambie, nani anaweza kusimama pembeni ya barabara usiku akatofautisha taa zilizo mita 340 na zilizo mita 200? Jicho hupima kasi ya kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyokua machoni. Kikiwa mbali, hakikui kwa kiasi cha kuonekana. Kinabaki nukta mbili za mwanga hadi ghafla kiwe gari. Pikipiki ni mbaya zaidi, kwa kuwa nukta ni moja na kitu chembamba huonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "subiri nafasi nzuri", anakutaka ufanye kipimo ambacho jicho la binadamu haliwezi.

Weka kisiwa katikati ya barabara, yaani sehemu iliyoinuliwa ambapo mtu anaweza kusimama, na hesabu inabadilika yote. Unavuka mita 10.5 kwa sekunde zisizofika tisa. Unahitaji mita 170 badala ya 340, na unatazama upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Hicho ni kipande cha zege ambacho hakina umeme wala mtambo. Kama popote karibu na kituo chako pana kisiwa, hata kama hapana rangi ya kivuko, mimi ningekwenda kuvukia hapo kabla ya kufikiria zebra isiyo na kisiwa.

Mwendo ndio unaoamua kama utalala hospitali au kaburini. Chukua madereva wawili, mmoja anakwenda kilomita 30 kwa saa na mwingine 50, na wote wanakuona kwa wakati mmoja mita 13 mbele yao. Kila mmoja anahitaji takriban sekunde moja kutambua kinachotokea na kukanyaga breki. Wa kwanza hutumia mita 8 kwa sekunde hiyo na mita 5 kusimama, na gari linatulia mbele ya magoti yako. Wa pili, sekunde yake moja imeshakula karibu mita 14. Anakugonga kabla mguu haujagusa breki, akiwa bado kwenye kilomita 50 zile zile. Tofauti ya kilomita 20 tu kwenye kioo cha mwendo, ambayo dereva haisikii kabisa akiwa ndani.

Na mwili nao una mpaka wake. Uchambuzi wa ajali za Marekani uliochapishwa mwaka 2011 na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha huko, ulionyesha kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 37 kwa saa, uwezekano wa kufa ni kama asilimia 10. Kwenye 51 unafika asilimia 25, kwenye 68 ni nusu kwa nusu, na kwenye 80 ni asilimia 75. Umri mkubwa unasogeza namba hizo juu. Kama magari ya barabara yako yanakwenda kilomita 70 kwa saa, ukigongwa na dereva ambaye hakuwahi kupunguza, ni kama kurusha sarafu.

Umbo la gari nalo lina lake. Boneti ya chini humpiga mtu miguuni na kumbeba juu. Boneti ndefu iliyosimama kama ukuta humpiga kiunoni au kifuani, kisha humlaza chini, gari likiwa bado linaenda mbele. Mwaka 2023 IIHS, taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, ilitoa utafiti kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 kutoka chini yana uwezekano mkubwa zaidi, kwa kama asilimia 45, wa kumuua mtembea kwa miguu wanayemgonga kuliko magari yenye boneti isiyozidi sentimita 76 iliyolala kwa mteremko. Ukiwa na uwezo wa kuchagua ni gari gani ulikatize mbele yake, muachie njia lile refu.

Hapa ndipo hoja ya uzembe inapokwama. Mwaka 2009 watembea kwa miguu 4,109 waliuawa barabarani Marekani. Mwaka 2022 walizidi 7,500, idadi iliyokuwa haijaonekana tangu 1981. Shemeji atasema ni simu. Lakini simu hizo hizo zimejaa mifukoni mwa watu wa Ulaya, na huko vifo vya watembea kwa miguu vilipungua katika miaka ya 2010. Sehemu kubwa ya ongezeko la Marekani ilitokea gizani, na barabara zinazoongoza kwa vifo ni zile zile kama yako: pana, za mwendo mkali, zenye maduka na vituo vya basi pembeni, na vivuko vilivyoachana mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na asilimia 23 kati yao walikuwa kwa miguu. Wote hao hawawezi kuwa wazembe.

Lawama hii ina historia, na si ndefu. Magari yalipoanza kuingia mijini, barabara ilikuwa ya kila mtu, na dereva aliyemgonga mtu ndiye aliyetazamwa kama mkosaji. Mwaka 1923 wakazi wa Cincinnati huko Marekani walikusanya sahihi zaidi ya 40,000 wakitaka kila gari la mji lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi kilomita 40 kwa saa. Wauza magari walishtuka, wakafanya kampeni kubwa, na pendekezo likaangushwa kwenye kura. Baada ya hapo biashara ya magari ilielekeza nguvu upande mwingine: tatizo lisiwe mwendo, liwe mtu anayevuka. Los Angeles, katika jimbo la California, ikaweka kanuni za kuwabana wavukaji mwaka 1925 na miji mingine ikaiga. Jimbo hilo hilo la California limegeuka: tangu Januari 2023 polisi hawamwandikii mtu faini kwa kuvuka pasipo kivuko isipokuwa pale hatari ya kugongwa ilipokuwa ya wazi na ya papo hapo. Shemeji yako anarudia maneno ya wauza magari wa miaka mia moja iliyopita, na sidhani kama anajua.

Haya, zebra yako. Ulichokiona, gari moja kusimama na jingine kupita, ndiyo ajali tunayoiogopa kuliko zote kwenye barabara za njia nyingi. Dereva wa njia ya kwanza ni muungwana, anasimama. Unamnyooshea mkono wa shukrani na unaendelea. Gari lake limekuficha kwa dereva wa njia ya pili, na yeye pia amefichwa kwako. Huyo wa pili anaona mwenzake kasimama, anadhani anashusha mtu au anataka kukata kona, anahamia pembeni na kumpita. Mnaonana mkiwa mita mbili. Hakuna aliyekuwa mlevi na hakuna aliyekuwa kwenye simu.

Utafiti mkubwa uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya barabara kuu ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta jambo ambalo bado linawakera wahandisi: kwenye barabara za njia nyingi zinazopitisha zaidi ya magari 12,000 kwa siku, zebra iliyochorwa tu, bila taa wala kitu kingine, ilikuwa na ajali nyingi zaidi kuliko mahali pasipochorwa kabisa. Rangi ilimpa mvukaji imani na haikumpa dereva sababu ya kupunguza. Kwa hiyo usione aibu kutoiamini zebra ile. Kama lazima uitumie, vuka njia moja moja. Ukifika usawa wa taa ya mbele ya pili, ile ya upande wa mbali, ya gari lililosimama, simama kabisa, chungulia njia inayofuata, hakikisha iko tupu au gari lake limetulia, ndipo uendelee. Fanya hivyo kila njia. Dereva aliyekusimamia anaweza kupiga honi, aipige.

Usiku una mambo yake, na hapa wengi hawajui kinachowapata. Wewe unaziona taa za gari wazi kabisa, na akili inakuambia kwamba na dereva anakuona hivyo hivyo. Majaribio yamerudiwa miaka mingi na jibu ni lile lile: watu hudhani wanaonekana kutoka mbali zaidi, tena kwa tofauti kubwa, kuliko ilivyo kweli. Kwa taa za chini, mtu mwenye nguo nyeusi huonekana kwenye mita kama 50, pengine chini ya hapo. Gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji karibu mita 70 kusimama. Dereva huyo akisema "alichomoka ghafla" hadanganyi. Kwa mwendo ule na taa zile, kila mtu angechomoka ghafla.

Kuna la ziada. Taa za chini zimeelekezwa zimulike mbali zaidi upande wa ukingo wa karibu na dereva, na zikatwe chini upande wa katikati ya barabara ili zisimtie upofu anayekuja. Kwa hiyo ukivuka nusu ya pili, ukitokea katikati kuelekea ukingoni, unatembea kutoka mahali ambapo taa za gari hazifiki. Na magari mawili yakipishana, mtu aliye kati yao humezwa na mwanga wa mbele na wa nyuma, haonekani na yeyote. Katikati bila kisiwa usiku ndipo pabaya kuliko pote.

Kuhusu jaketi: vitambaa vya rangi kali ni vya mchana. Usiku kinachofanya kazi ni kile kinachorudisha mwanga kwa aliyeutuma, zile tepu za kijivu zinazowaka zikimulikwa. Jaketi lenye tepu kifuani si baya, lakini kifua hakichezi, na dereva anaweza kudhani ni kibao au nguzo. Tepu zilizofungwa kwenye vifundo vya miguu, magotini na kwenye vifundo vya mikono huchora mwendo wa binadamu, na madereva hutambua kwamba ni mtu kutoka mbali zaidi. Kamba mbili za miguuni zina thamani kuliko jaketi moja. Finland imeliweka hili kwenye sheria kabisa: anayetembea barabarani gizani anatakiwa kuvaa kirudisha mwanga. Usitegemee pia breki za kujifunga zenyewe za magari mapya. IIHS ilipozipima mwaka 2022 zilipunguza ajali za watembea kwa miguu kwa kama robo kwa ujumla, ila kwenye giza lisilo na taa za barabarani hazikuonyesha tofauti.

Basi uvukie wapi? Swali la kwanza ningemuuliza dereva wa basi: kituo kinachofuata au kilichotangulia kiko karibu na taa? Kama kipo, shuka huko, uvuke kwa taa, urudi kwa miguu upande wako wa nyumbani. Kama hakipo, nusu kilomita kwenda kwenye taa na nusu kurudi ni dakika 14 hivi. Mchana, magari yakiwa machache na unaona mbali pande zote, sitakulaumu ukivuka karibu kwa uangalifu. Hakuna mtu anayetembea kilomita nzima ili kufika mita 21 mbele, na waliopanga kivuko mbali hivyo walilijua hilo. Usiku, mimi ningetembea. Kuna mahali kuna daraja la juu. Watu hulikwepa kwa sababu lina ngazi nyingi, giza na vibaka, na ni vigumu kuwashutumu. Likiwa na mwanga na watu, panda.

Kwenye taa usitazame alama ya mtu wa kijani peke yake. Hatari pale ni anayekata kona. Macho yake yako kwenye magari anayotaka kuyawahi, na nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inaweza kumficha mtu mzima kwa sekunde zote anazogeuza usukani, kwa kuwa wewe na nguzo mnasogea pamoja. Kabla ya kushuka ukingoni, tafuta gari lililowasha indiketa na uone tairi za mbele. Tairi huonyesha nia kabla ya uso wa dereva, na vioo vya giza haviwezi kuzificha.

Ukishuka kwenye basi, liache liondoke kwanza. Kukatiza mbele ya basi lililosimama ni ile ile ajali ya zebra, ila ukuta ni mrefu zaidi.

Asubuhi, pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, na mkae mstari mmoja kama mko wengi. Gari likihama njia utaliona na unaweza kuruka mtaroni. Isipokuwa penye kona kali isiyoona mbele: hapo hamia upande wa nje wa kona mapema, wakati barabara bado imenyooka.

Simu iweke mfukoni unapovuka, na vipokea sauti vitoe masikioni. Magari ya umeme kwenye mwendo mdogo karibu hayasikiki, ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari hayo mapya yatoe sauti yakienda chini ya kilomita 20 kwa saa. Hapo nakubaliana na shemeji moja kwa moja.

La mwisho ni barua, maana kuishi kwa kuchungulia gari baada ya gari si jambo la kuzoea. Iandikie mamlaka inayomiliki barabara hiyo, na usiombe "usalama", kwa sababu utaletewa bango la kuwaasa watu wawe makini. Omba vitu vyenye umbo. Omba kisiwa katikati kwenye zebra iliyopo. Omba mstari wa magari kusimama urudishwe nyuma ya zebra mita 6 hadi 15, ili aliyesimama asimfiche anayevuka. Omba taa za kuvukia, taa za barabarani juu ya kivuko, na magari yazuiwe kuegeshwa karibu nacho. Mji wa Hoboken, New Jersey, uliondoa maegesho kwenye kona zake nyingi ili watu waonane, na ulikaa miaka mingi kuanzia 2017 bila kifo hata kimoja cha ajali barabarani. Omba mwendo ushushwe, na kwa kupunguza upana, si kwa kibao peke yake. Helsinki imeshusha zaidi ya nusu ya mitaa yake hadi kilomita 30 kwa saa; mwaka 2019 haikuwa na mtembea kwa miguu hata mmoja aliyeuawa, na kuanzia Julai 2024 ilimaliza mwaka mzima bila mtu yeyote kufa kwa ajali ya barabarani.

Ndani ya barua weka namba zako mwenyewe. Simama mahali salama na saa, hesabu watu wanaovuka pale kituoni jioni kwa muda wa saa nzima, pima hatua hadi kivuko cha karibu, andika sekunde za kuvuka za mtu mzima na za mzee. Weka tarehe na jina la kituo. Barua ya malalamiko hufungiwa kwenye droo, lakini inayosema watu kadhaa kwa saa wanavuka mita 21 pasipo kisiwa humweka mhandisi kwenye rekodi kwamba aliambiwa. Mwombe shemeji naye aweke sahihi.